Njia Mbili Juu ya Tuta la Mbuga

Vijana wangu, jambo la kwanza nililofundishwa katika kazi ya kupanga njia lilikuwa kulala chini.

Nilikuwa nimeajiriwa juzi tu. Kaptura yangu ya kaki ilikuwa mpya, nimeipiga pasi ya mkaa mpaka mikunjo imesimama. Nyapara wetu, Mzee Saidi, Mnyamwezi wa Tabora aliyeanza kutengeneza barabara tangu kabla ya vita kubwa, akanichukua asubuhi hadi ukingoni mwa mji wa Shinyanga, jua likiwa bado halijachomoza vizuri.

"Lala kifudifudi, Maganga. Weka shavu kwenye majani."

"Mzee, nitachafuka."

"Ndiyo maana umepewa kaptura ya serikali. Lala."

Nikalala. Umande ulikuwa umetanda mbuga nzima, majani yamekuwa meupe kama yametandikwa shuka. Nilipoangalia kwa usawa wa ardhi, ndani ya weupe ule nikaona michirizi ya kijani. Moja ilitoka kisimani ikapinda kukwepa mahali penye tope. Nyingine ilikuja kutoka vijiji vya ng'ambo, ikagawanyika, ikakutana tena. Kila mahali mtu alipopita tangu alfajiri, miguu yake ilikuwa imekung'uta umande, na njia yake imebaki pale, laini, kama mtu aliyepitisha kidole kwenye kioo chenye mvuke. Nilisahau kaptura. Nilihisi kama naiona nchi ikiwaza.

"Umeziona?" akauliza Mzee Saidi.

"Nimeziona."

"Basi hapo ndipo watu wanapotaka kupita. Ukiwapa pengine, watakushukuru, halafu watapita palepale."

Mjukuu wangu Minza ndiye aliyeniomba niwaeleze haya, kwa sababu anafanya kazi ya kupanga barabara kule Kahama, na wenzake wanasumbuliwa na watu wa mtaa wa Nyasubi wanaovuka barabara mahali pasipo na kivuko. Nikamwambia, waulize wenzako kama wamewahi kulala chini. Akacheka. Lakini sikuwa natania.

Miaka ile baiskeli ziliingia kwetu kama mvua. Pamba ilikuwa imekubali, na mkulima akishauza pamba yake, kitu cha kwanza ni baiskeli, cha pili ni blanketi la mke. Mwaka mmoja ulikuwa unasikia baiskeli ikipita unatoka nje kutazama, mwaka uliofuata ulikuwa unatoka nje kutazama kama kuna nafasi ya kupita. Nimeona baiskeli ikipita na kitanda cha kamba. Nimeona baiskeli na mbuzi ndani ya kikapu, mbuzi ametulia anaangalia nchi kama bwana mkubwa. Nimeona bibi harusi kwenye keria, khanga imefungwa vizuri isiingie kwenye spoku, na wapambe wanakimbia nyuma.

Mzee Saidi alikuwa anapima upana wa njia kwa vitu hivyo. Hakuanza na mnyororo wa kupimia. Aliwasimamisha watu wawili wenye baiskeli, mmoja akiwa na magunia ya pamba yamelala kwa upana, mwingine akiwa na kitanda, akawaambia wapishane. Wakigusana, tunasogeza vigingi nje. Wakipishana bila kupunguza mwendo, anatikisa kichwa na kusema, "Hapo." Ndipo mimi nilipoweka mnyororo chini na kuandika kipimo.

Bwana mhandisi wetu, Mwingereza mmoja mrefu, watu walimwita Bwana Filimbi kwa sababu kila alipofikiri alipiga mluzi. Alikuwa mtu mwema. Alikuja kazini kwa baiskeli yeye mwenyewe, magoti yakigonga usukani, na kwa hiyo mambo ya mashimo na miiba alikuwa anayajua kwenye mwili wake.

Sasa niwaambie habari ya tuta.

Upande mmoja wa mji kulikuwa na bonde la mbuga, udongo mweusi ule wa kwetu. Kiangazi unapasuka nyufa unaweza kupoteza kiatu. Mvua ikinyesha unakuwa kama ugali uliokosa moto, unakushika mguu na hautaki kukuachia. Barabara ya kuingia mjini ilipita juu ya bonde hilo kwenye tuta la changarawe, na juu ya tuta hilo wote walipita: malori ya pamba yanayokwenda kwenye kinu, baiskeli, ng'ombe wa mnadani, akina mama wenye mizigo kichwani. Lori likija, wengine wote wanarukia pembeni, na pembeni ni matope.

Bwana Filimbi akapata ruhusa ya kuongeza njia ya pembeni juu ya tuta, ya wenye miguu na wenye baiskeli. Tuliifanya kazi ile kwa furaha. Asubuhi, ukungu ukijaa bondeni, tuta lilikuwa linafunikwa mpaka huoni chini yake kitu, na watu waliopita juu ya njia yetu mpya walionekana wanaelea. Kwanza unaona mtungi, halafu kichwa, halafu mtu mzima anatoka katika weupe akitembea juu ya hewa. Mimi nilikuwa nasimama na kigingi mkononi nasahau kukigongomea. Mzee Saidi ananipigia kelele, "Maganga! Unaota?" Kweli, nilikuwa naota.

Mmoja wa watu waliotoka katika ukungu ule kila siku ya soko alikuwa Mama Ngolo. Alikuwa mfinyanzi kutoka ng'ambo ya bonde, mama mnene kidogo, mjane, mwenye shingo iliyonyooka kwa kubeba mitungi. Alibeba mitatu kwa pamoja, mmoja juu ya mwingine, imefungwa kwenye wavu wa kamba. Kila akipita nilimwamkia.

"Shikamoo, Mama Ngolo."

"Marahaba, mwanangu. Mwangaluka." Hiyo ya mwisho ni salamu yetu ya asubuhi Kisukuma. "Njia yenu inateleza kidogo pale kwenye kalavati."

Alikuwa anasema bila kugeuza kichwa. Mtu mwenye mitungi mitatu hageuzi kichwa. Akitaka kutazama nyuma, anageuka mwili mzima, polepole, kama mlango. Shikeni neno hilo, maana yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Kulikuwa na kijana mmoja, Shija, aliyekuwa amerudi kutoka kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita. Huko alikuwa amechimba chini ya ardhi, na alikuwa akisema alipotoka aliapa kwamba maisha yake yaliyobaki atayaishi kwenye upepo. Akanunua baiskeli nyeusi inayong'aa. Alikuwa anabeba mizigo ya watu, pamba, chumvi, mafuta ya taa, na alikuwa anakwenda kasi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekaa gizani muda mrefu na sasa ameona mwanga.

Asubuhi moja ya kipupwe, ukungu ulikuwa mzito. Mimi na Mzee Saidi tulikuwa kwenye kalavati tunarekebisha ule utelezi. Nikamwona Mama Ngolo anakuja, mitungi kwanza, halafu yeye. Nyuma yake nikasikia kengele, kriiing, kriiing, lakini mwenye kengele simwoni. Mama Ngolo naye aliisikia. Na hapa ndipo nilipojifunza kwamba kengele humwambia mtu kuna baiskeli, lakini haimwambii iko upande gani. Alisimama. Akaanza kugeuka, mwili mzima, polepole. Shija alipotoka katika ukungu alikuwa ameshachagua kupita kushoto, na Mama Ngolo alikuwa ameshageukia kushoto.

Sauti ya mitungi mitatu kupasuka juu ya changarawe sijaisahau. Ilikuwa kama kicheko kikubwa, halafu kimya.

Mguu wake ulikuwa umevunjika. Shija alitupa baiskeli akapiga magoti, akawa anasema, "Mayu, mayu, nisamehe mayu," kwa sauti ya mtoto anayemlilia mama yake. Watu walijaa. Mmoja akamshika Shija shati, mwingine akaokota jiwe. Mzee Saidi akajipenyeza katikati na chepe lake mkononi, lakini aliyewazuia hasa ni Mama Ngolo mwenyewe, amelala chini, uso umekuwa wa majivu.

"Msimpige," alisema. "Mimi na yeye tumewekwa njia moja. Angekwenda wapi? Na mimi ningekwenda wapi?"

Tukambeba kwa kitanda mpaka hospitali. Shija alishika mguu mmoja wa kitanda njia nzima na hakukubali mtu ampokee.

Amri ilikuja baada ya siku chache kutoka kwa wakubwa: baiskeli marufuku kwenye njia ya pembeni. Zipite barabarani na malori. Askari wa mji akawekwa pale mwanzo wa tuta na rungu. Nilimwona Shija siku ya kwanza anaingia barabarani nyuma ya lori la pamba, vumbi limemmeza. Tulikuwa tumemtoa mama katika hatari tumemtia kijana.

Bwana Filimbi alikuja kukaa nasi juu ya rundo la changarawe. Hakupiga mluzi.

"Saidi," alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "yule mama alisema kweli. Mimi niliwaweka njia moja. Kwenye karatasi ilionekana nzuri."

"Hata chini ilionekana nzuri, Bwana," Mzee Saidi akamjibu. "Sote tuliipenda."

"Nikipanua tuta, wanipe njia mbili, wakubwa watakubali?"

"Wewe ndiye unayewajua."

Walikubali nusu. Walisema tuta lipanuliwe kwa vibarua tuliokuwa nao, lakini lori la kuchukua udongo mgumu wa kutandaza juu hawatoi, na kazi iwe imekwisha kabla ya mvua. Tuta bila udongo wa juu halifai kitu, na Bwana Filimbi alijua. Tulihitaji udongo wa kichuguu. Nyinyi mna lami. Sisi tulikuwa na mchwa. Udongo wa kichuguu ukiupondaponda, ukauchekecha, ukaunyunyizia maji kidogo kidogo na kuushindilia, halafu ukaufunika majani ukauke taratibu, unakuwa mgumu na laini kama sakafu ya nyumba ya bibi harusi. Gurudumu linapita juu yake linaimba. Lakini vichuguu vikubwa vilikuwa mbali, ng'ambo ya bonde, kuelekea kwa akina Mama Ngolo.

Mwanangwa wa upande ule, yaani kiongozi wa kijiji, akaitwa. Akasema hilo jepesi, ataamuru kila nyumba itoe mtu. Mzee Saidi akamwambia kwa heshima, "Mwanangwa, watu wamechoka kuamriwa. Amri ya matuta, amri ya mihogo, amri ya kupunguza ng'ombe. Ukiwaamuru na hili, watatuletea udongo, lakini watatuletea ule wenye mchanga."

Ndipo Shija, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa, kofia mkononi, akasema, "Mniachie mimi."

"Wewe?" mwanangwa akamtazama. "Wewe ndiye uliyetuletea haya."

"Ndiyo, baba. Ndiyo maana nasema mniachie."

Hakuna aliyejua atafanya nini. Nilisikia baadaye kwamba alikwenda kwanza kwa Mama Ngolo. Mguu ulikuwa umeshafunguliwa mbao za kuunga mfupa, lakini alikuwa bado anakaa mlangoni anakanda udongo wake. Shija alikuwa anamchotea maji tangu ajali, na tangu ajali mama alikuwa hasemi naye zaidi ya salamu. Siku ile akamwambia, "Mayu, nataka kuomba watu wabebe udongo wa njia. Nikiwaomba mimi watanicheka. Nipe neno lako."

Mama Ngolo akazungusha kidole ndani ya mtungi ambao haujakauka. Mwisho akasema, "Kichuguu cha nyuma ya nyumba yangu ni changu. Marehemu mume wangu aliniachia na shamba. Udongo wake ni mzuri. Waambie waanze na hicho."

Nilikuwa pale kwenye tuta asubuhi ya kwanza. Ukungu tena. Nikasikia minyororo ya baiskeli, tiki tiki tiki, mingi, na hakuna kengele hata moja. Halafu wakatoka. Shija mbele, anatembea akisukuma baiskeli, gunia la udongo kwenye keria. Nyuma yake mwingine, na mwingine. Wauza maziwa walikuwa na udongo kwenye vibuyu vya akiba. Mafundi wa kinu cha pamba waliokuwa wanakwenda kazini, kila mmoja na kikapu. Fundi cherehani mmoja alikuwa na udongo ndani ya mfuko wa kitambaa cha maua. Walimimina, wakapanda, wakaenda zao kazini, wala hakuna aliyesimama apongezwe. Askari wa rungu akamuuliza Mzee Saidi kama baiskeli hizi ziko njia ya pembeni au haziko. Mzee Saidi akamwambia, "Hii si baiskeli, huu ni udongo unapita." Askari akageuka kutazama upande mwingine.

Ilikuwa hivyo kila asubuhi. Kwa siku nyingi niliishi kama mtu aliye usingizini, sisi tunaponda, tunachekecha, tunashindilia, na ukungu unatuletea udongo. Kichuguu cha Mama Ngolo kiliisha, wengine wakatoa vyao.

Mpango wenyewe ulikuwa huu, nanyi mnaweza kuutumia hata leo. Barabara ya malori, halafu njia ya baiskeli, halafu mstari wa miti, halafu njia ya miguu. Njia ya miguu tuliinua iwe juu kidogo, kama kizingiti cha mlango, ili gurudumu lisiweze kupanda bila mwenyewe kukusudia. Miti tuliiweka upande wa magharibi wa waendao kwa miguu. Asubuhi mtu anakwenda sokoni ana nguvu, hahitaji kivuli. Jioni anarudi amechoka, na jua la jioni ndilo linalochoma. Kivuli kimwangukie saa hiyo.

Tulikosea kitu kimoja cha kuchekesha. Miche ya mijohoro tuliizungushia miiba ili mbuzi wasiile. Upepo ukapeperusha miiba kwenye njia ya baiskeli, na asubuhi moja nikakuta wanaume wamekaa mstari mzima wanaziba pancha, wananitazama. Siku hiyohiyo tuliitoa miiba tukasuka vizimba vya fito.

Mvua ilikuwa imeshaanza kunguruma upande wa ziwa tulipomaliza. Hakukuwa na sherehe. Bwana Filimbi alimwambia askari aende nyumbani, basi.

Siku ya soko iliyofuata tukamwona Shija anakuja, na kwenye keria amekaa Mama Ngolo, mitungi miwili imefungwa mbele kwenye usukani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuja mjini tangu avunjike. Walipofika mwanzo wa tuta, mama akampiga Shija begani kwa kiganja.

"Niteremshe."

"Mayu, ni mbali. Mguu wako—"

"Niteremshe, nimesema. Na mtungi mmoja unipe."

Shija akanitazama mimi, kama mimi ndiye mwenye uamuzi. Nikanyanyua mabega. Akamteremsha. Mama Ngolo akaweka kata kichwani, akaweka mtungi, akachukua fimbo, akapanda kile kizingiti cha njia ya miguu na kuanza kwenda. Alikuwa anachechemea. Shija akashuka, akawa anasukuma baiskeli upande wa pili wa miche, sambamba naye. Nyuma ya Shija baiskeli zikaanza kujaa. Wangeweza kumpita, njia ilikuwa pana, tulikuwa tumeipima kwa kitanda. Hawakumpita. Mmoja baada ya mwingine walishuka wakasukuma, tuta zima, mpaka upande wa mji, mstari mrefu wa baiskeli unaotembea kwa mwendo wa mama mmoja mwenye fimbo. Mzee Saidi alivua kofia. Sijui kama alijua ameivua.

Alipofika mwisho wa tuta, Bwana Filimbi alikuwa pale, amesimama na baiskeli yake, anaona haya kama kijana wa posa. Akamwamkia, "Shikamoo, mama. Njia ikoje?"

Mama Ngolo alisimama kupumzika. Alifikiri. Jasho lilikuwa linamtoka na mguu bila shaka ulikuwa unamuuma.

"Marahaba," akasema. "Njia ni nzuri. Nilipofika katikati nilijikuta nafikiria mtungi nitakaoufinyanga kesho. Zamani nilikuwa nasikiliza nyuma yangu tu."

Kisha akaelekea sokoni, na wenye baiskeli wakapanda wakaenda zao.